Hodi ya Mpimaji

Mtu aliyelelewa vema haingii nyumba ya mwenziwe kabla ya kupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza akangoja. Hupiga ya pili akangoja. Akipiga ya tatu asisikie "karibu", hugeuka akaenda zake, hata kama mlango u wazi na anaona kwa macho yake kwamba ndani mna moto na chungu kimetelekwa. Desturi hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi, maana mwizi hapigi hodi. Iliwekwa kwa ajili ya watu wema wenye haja njema. Swali tunalotaka kulitazama katika makala haya ni hili: je, haja ikiwa njema mno, ikiwa ni haja ya kuujua ukweli kwa faida ya wanadamu wote, mwenye haja hiyo amesamehewa kupiga hodi?

Swali hili hatukulipata katika vitabu vya falsafa, lilitujia darasani. Wasomaji wetu wanaokaa kandokando ya Ziwa Viktoria watakumbuka mwezi wa Mei 2020, maji yalipopanda hata yakaipita alama ya mwaka 1964, yakaingia majumbani na sokoni na kuifunika mialo ya wavuvi. Baadaye tulikuwa tukifasiri pamoja na wanafunzi taarifa fupi juu ya mambo hayo. Taarifa ilieleza kwamba kimo cha ziwa hakisomwi tena kwa vipimo vya Jinja peke yake, bali pia kwa setilaiti zipitazo juu, kama ile ya TOPEX/Poseidon iliyorushwa mwaka 1992 na nyingine zilizoifuata. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "setilaiti inalipima ziwa. Je, setilaiti yenyewe nani anaipima?"

Kwa kweli aliuliza jambo lenye maana kuliko alivyodhani. Setilaiti ya namna hiyo hurusha mawimbi ya redio hadi usoni pa maji, ikahesabu muda wa kurudi kwake, na kwa hiyo ikajua umbali ulio baina yake na maji. Lakini umbali huo peke yake hautufai kitu. Ni kama mtu aliye dirishani ateremshaye kamba kisimani: kamba itaonyesha urefu toka mkononi mwake hadi majini, walakini kama hatujui mkono wenyewe uko juu kiasi gani, hatuwezi kusema kama maji yamepanda au yamepungua. Hapana budi awepo mtu mwingine, mahali pengine, aupimaye mkono. Mmojawapo wa watu hao alisimama kwa miaka mingi juu ya mlima uitwao Haleakalā, katika kisiwa cha Maui, nchi ya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Haleakalā ni mlima wa volkano wenye kimo cha mita 3,055. Kileleni hewa ni nyembamba na safi, na mawingu aghalabu hukaa chini ya miguu ya mtazamaji, jambo ambalo wanajimu hulipenda sana. Jina lake katika Kihawaii maana yake ni Nyumba ya Jua. Wenyeji husimulia kwamba hapo kale jua lilikimbia upesi mno angani, hata Hina, mamaye shujaa Maui, akawa hawezi kukausha nguo zake za magome ya mti. Basi Maui akasokota kamba, akapanda mlimani, akajificha. Jua lilipochomoza akaitega miale yake mmoja mmoja, akalifunga, wala hakuliachia mpaka lilipokubali kwenda polepole kwa sehemu ya mwaka. Wasomaji wetu wa Buganda, wajuao jinsi nguo ya mbugu inavyohitaji jua, hawataona shida kumwelewa Hina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Hawaii kilijenga katika kilele hicho kituo cha leza. Nia ya kwanza ilikuwa kuulenga mwezi, kwa sababu wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko, mwaka 1969, sahani ya vioo vya kurudishia mwanga. Baadaye kazi kubwa ya kituo ikawa kuzifuata setilaiti. Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache. Darubini huielekea setilaiti inayopita; mmweko mfupi mno wa leza hutolewa; mwanga huenda, hugonga vioo vya setilaiti, hurudi; na saa huhesabu muda uliopita. Vioo hivyo vina pembe tatu zilizokutana kama pembe ya sanduku, na sifa yake ni kwamba mwanga uingiao kutoka upande wowote hurudishwa kulekule ulikotoka. Kile kioo chekundu kilicho nyuma ya baiskeli kimetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo.

Setilaiti iliyo mashuhuri kupita zote katika kazi hii huitwa LAGEOS, nayo ilirushwa tarehe 4 Mei 1976. Ni tufe lenye kipenyo cha sentimita 60 na uzito wa zaidi ya kilo 400, lililosheheni vioo 426 mwili mzima. Halina injini, halina betri, halisemi neno. Huzunguka kiasi cha kilomita 5,900 juu yetu, na mwanga huenda na kurudi katika sehemu nne tu za mia za sekunde moja. Mpimaji atakaye usahihi wa sentimita moja yampasa awe na saa iwezayo kupambanua muda usiofikia sehemu moja ya elfu kumi ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tena yampasa kupima joto na mgandamizo wa hewa ya hapo alipo, maana hewa nayo huuchelewesha mwanga. Imekadiriwa kwamba tufe hilo litadumu huko juu kwa muda wa miaka milioni nane na zaidi. Kwa sababu hiyo limetiwa ndani bamba la chuma, lililobuniwa na Carl Sagan, lenye michoro ya mabara jinsi yalivyokuwa zamani sana, yalivyo sasa, na yatakavyokuwa siku tufe litakapoanguka.

Michoro hiyo ya mabara ina sababu. Tufe hilo njia yake ni thabiti mno, wala halitikiswi na mambo madogo. Kwa hiyo vituo vingi duniani vikilipima pamoja, kinachogunduliwa mwishowe si mahali lilipo tufe tu, bali mahali vilipo vituo vyenyewe. Kwa njia hiyo imeonekana waziwazi kwamba bamba la Pasifiki huuchukua mlima wa Haleakalā kuelekea kaskazini-magharibi kiasi cha sentimita saba kila mwaka, kasi inayokaribia kuwa mara mbili ya kasi ya ukuaji wa kucha zetu. Mpimaji hutazama juu ili ajue aliposimama. Hatujapata kusikia kazi nyingine inayotimiza jambo hilo kwa uhalisi namna hii, wala hatuoni haya kusema kwamba tunaistahi.

Lipo jambo moja dogo la kazi hii lililotugusa kuliko saa zote hizo. Mwanga wa leza waweza kuyadhuru macho ya rubani. Kwa hiyo vituo vya namna hii huweka mlinzi wa kutazama anga, au rada, au vyote viwili. Ndege ikikaribia njia ya mwanga, mwanga huzimwa mara moja, hata kama setilaiti inapita na kipimo chema kinapotea. Hakuna abishaye juu ya kanuni hiyo. Hakuna asemaye kwamba rubani ni mmoja na sayansi ni ya wote. Aliye njiani ana haki, basi. Sasa sisi twauliza: walipokuwa wakijenga, nani aliwekwa kuangalia kama kuna mtu njiani chini, ardhini?

Maana watu walikuwapo. Kilele cha Haleakalā ni mahali patakatifu kwa Wahawaii, mahali pa sala na ibada tangu enzi za mababu zao. Nchi hiyo ilikuwa ufalme. Mwaka 1893 kundi la walowezi na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Marekani, walimpindua Malkia Liliuokalani, huku askari wa Marekani wakiwa wameteremshwa pwani. Mwaka 1898 visiwa vikaunganishwa na Marekani, na ardhi ya taji na ya serikali ya ufalme ikawa mali ya wageni. Mwaka 1961, miaka miwili baada ya Hawaii kufanywa jimbo kamili, gavana alitenga ekari zipatazo 18 za kilele hicho kwa ajili ya utafiti chini ya Chuo Kikuu. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa mapinduzi yale ya miaka mia moja nyuma. Azimio halikurudisha hata ekari moja.

Wapo watakaotujibu kwamba hao wapimaji wa mabara hawakumpindua malkia yeyote. Ni kweli, nasi hatuwatii hatiani. Mwanafunzi wa fizikia aliyekesha kileleni katika baridi akihesabu mimweko hakuwa na habari na mwaka 1893. Lakini kutokuwa na habari ndilo jambo tunalolijadili. Mtu aliyekaribishwa chumbani na mpangaji anaweza kabisa kuwa hana hatia, na hata hivyo mwenye nyumba akitokea akisema "mimi sikukukaribisha", mgeni huyo hawezi kumjibu kwamba yeye alikuwa akisoma kitabu kizuri.

Jibu lenye nguvu zaidi ni lile la faida. Nasi hapa yatupasa kusema kwa uaminifu, kwa kuwa tumo ndani ya faida hiyo. Setilaiti zilizopima kimo cha ziwa letu zilijulikana mahali zilipo kwa msaada wa vituo vya leza, pamoja na njia nyingine za redio. Ndiyo kusema kwamba mvuvi wa Masese ambaye hajapata kulisikia jina la Maui ana haki ndogo ya shukrani kwa mlima ule, na pengine ana deni dogo. Je, si afadhali basi kwamba kituo kilijengwa, hodi au si hodi?

Tumelifikiri jambo hili muda mrefu, tena tulikuwa karibu kukubali. Kilichotuzuia ni kuutazama upya ule utaratibu wa hodi wenyewe. Mtu akiwa nje ya mlango anayo sababu yake, naye huiona ni nzuri. Kama asingeiona nzuri asingekuja. Faida anaipima yeye, hasara anaipima yeye, kisha anajihukumia kuingia. Hodi humnyang'anya mizani. Humlazimu aitoe sababu yake nje, aiweke mlangoni, amwachie mwingine aipime kwa mawe yake mwenyewe. Huenda mwenye nyumba akaikubali kwa furaha. Huenda akaikubali kwa masharti. Huenda akasema hapana, na sababu yake ikawa ndogo machoni petu, kwa mfano kwamba ndani kuna mtu anasali. Faida ya mvuvi wa Masese ni kubwa kweli, lakini haiwezi kuwekwa juu ya mizani na mtu yuleyule atakaye kuingia, ikahesabiwa kwamba kesi imekwisha.

Tena husemwa kwamba kileleni hakukaa mtu. Palikuwa majabali, baridi na upepo. Hodi ingepigwa kwa nani? Hoja hii hutokea kila mahali ambapo ardhi imechukuliwa, nasi katika Afrika tunaijua vizuri. Lakini katika desturi tuliyoitaja kimya hakina maana ya "ingia". Kimya maana yake nenda zako, urudi siku nyingine. Tunajua kwamba katika mambo ya ndoa wapo wasemao kimya cha mwari ni ridhaa. Hata hivyo huko nako mwari kwanza huulizwa, na huulizwa na watu wanaomjua.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimulia kisa kimoja, kwa kuwa kinawahusu walimu wa lugha kuliko kinavyowahusu wanajimu. Juu ya mlima huohuo jeshi la anga la Marekani nalo lilikuwa na kituo chake, na leza yake. Mwezi wa Juni 1985 chombo cha anga Discovery kilikuwa angani, na miongoni mwa waliokuwamo ni Sultan bin Salman wa Saudia, Mwarabu wa kwanza kufika huko. Dirishani kiliwekwa kioo kidogo, ili leza kutoka Maui ikipige na kurudi. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya mpango wa kujikinga na makombora aliokuwa ameutangaza Rais Reagan mwaka 1983. Tarehe 19 jaribio likashindwa. Wataalamu waliiingiza katika kompyuta ya chombo namba 9,994, nayo ilikuwa kimo cha kituo kwa futi. Kompyuta ikaisoma kuwa maili za baharini. Chombo kikatii. Kikaugeuza ubavu wake kutoka duniani, kikaelekeza kioo huko juu zaidi, kwenye kilele cha mlima usiokuwapo wenye kimo cha kilomita zaidi ya 18,500, ilhali chombo chenyewe kilikuwa kilomita mia chache tu juu ya bahari. Siku mbili baadaye namba ilisahihishwa na jaribio likafaulu.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba namba isiyotajiwa kipimo chake ni kama kitenzi kisicho na nafsi: kitendo kipo, mtendaji hajulikani. Hatukujua kwamba ushahidi wetu ungetoka kwa watu hodari kiasi kile. Ila kisa hiki kina upande mwingine usiochekesha. Leza ya jeshi na leza ya Chuo Kikuu zilikuwa mitambo miwili tofauti yenye nia mbili tofauti, nasi hatutaki kuzichanganya. Lakini mtu aliyesimama bondeni usiku alitazama kilele kilekile. Aliyeingia bila hodi kwa ajili ya kupima mabara alimwachia mlango wazi mwenziwe aliyekuja kwa ajili ya vita, na mwenyeji hakupata nafasi ya kumwambia mmoja "karibu" na mwingine "hapana". Mwaka 2023, mwezi wa Januari, katika kituo cha kijeshi kileleni pale pampu haikuzimika ilipopasa, na galoni zipatazo 700 za dizeli zikamwagika ardhini. Kabla ya hapo, mwaka 2015 na tena mwaka 2017, watu walizuia barabara ili malori ya ujenzi wa darubini kubwa ya kutazamia jua yasipande. Baadhi yao wakakamatwa, darubini ikajengwa.

Haingekuwa haki kuficha kwamba mambo mengine yalibadilika. Madhabahu ya mawe yalijengwa ndani ya eneo la vituo kwa ajili ya ibada za wenyeji. Wapo Wahawaii wafanyao kazi katika vituo hivyo na kuvipenda, na haishangazi, kwa kuwa mababu zao waliivuka Pasifiki kwa kuzisoma nyota. Watu hao hawahitaji kufundishwa thamani ya kutazama mbingu. Kituo cha leza cha Chuo Kikuu kilifungwa mwaka 2004, na mwaka 2006 mtambo mdogo zaidi ukaanza kuifanya kazi ileile mlimani. Mahali pa kituo cha zamani paliwekwa darubini iitwayo Pan-STARRS, nayo mwezi wa Oktoba 2017 ilikiona kitu cha kwanza kupata kujulikana kuwa kilikuja kutoka nje ya mfumo wa jua letu. Waliokigundua waliwaendea wataalamu wa lugha ya Kihawaii, kikapewa jina 'Oumuamua, lenye maana ya mjumbe aliyetangulia kutoka mbali.

Jina hilo lilitufurahisha, halafu likatutia mashaka. Lugha hiyo sheria ya mwaka 1896 iliitoa madarasani, ikaweka Kiingereza mahali pake, na vizazi vya watoto vikakua bila kuisoma. Ikarudishiwa heshima ya lugha rasmi mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 shule za watoto wadogo zikaanza tena kufundisha kwa Kihawaii. Leo mgeni kutoka nyota nyingine hupewa jina katika lugha hiyo, na magazeti ya dunia hujifunza kulitamka. Sisi walimu wa Kiswahili katika nchi ambamo lugha yetu ilisukumwa kando muda mrefu tunaelewa thamani ya jambo hilo, wala hatutalidharau. Wagunduzi walipiga hodi kwenye lugha. Mashaka yetu ni kwamba jina ni rahisi kuombwa na rahisi kutolewa, na mlango wa lugha si mlango wa ardhi. Mtu aweza kukusalimu kwa lugha ya mama yako, kwa matamshi safi kabisa, akiwa ameketi kwenye kiti chako.

Tumeulizwa na mwenzetu mmoja, tulipomsomea makala haya, kama tunataka darubini zibomolewe. Hilo si letu kuliamua, na kama tungeliamua tungekuwa tumeingia nyumba ileile bila hodi. Tulimjibu tu kwamba kwetu mtoto akiingia ghafla chumbani kwa wakubwa huambiwa: toka, uanze upya. Hutoka, husimama nje, hupiga hodi. Na mara nyingi huitikiwa. Mara nyingine huambiwa angoje. Kutoka huko nje ndiko kugumu, hasa kwa mtu mzima aliyekwisha kupanga vyombo vyake.

Yule msichana alipata jibu lake wiki iliyofuata. Tulimchorea ubaoni ziwa, setilaiti na mlima, na mistari ya mwanga ikienda na kurudi. Akaitazama michoro, akasema mlima haukuandikwa jina. Tukaliandika. Akauliza maana yake, tukamwambia. Akauliza nani mwenye nyumba. Tulikuwa tumefika mwaka 1893 kengele ilipolia.